Kamera Iliyosema Karibu

Mwenye moyo mwepesi aushike kwa mikono miwili, maana haya hayakutokea usiku. Usiku kila mtu anajua kuogopa. Haya yalitokea saa saba mchana, jua liko utosini, watu wako uani wanakula, na mlango wa nyuma wa duka la dobi ukasema, "Karibu!"

Wala hapakuwa na mtu mlangoni.

Ndani alikuwepo Mama Pasi peke yake, anamalizia makoti ya madaktari. Mwanamke wa mikono minene, kicheko chake kinasikika mpaka barabarani. Miaka kumi na minne amesimama kwenye meza ileile. Mpe shati lililotafunwa na mbuzi, atakurudishia limenyooka kama kauli ya mkweli. Jina lake la kuzaliwa, hata mumewe hulitafuta kichwani kwanza.

"Nani huyo?" akauliza, pasi mkononi.

Sasa ili uelewe kwa nini mlango ulisema, rudi nyuma kidogo, asubuhi ya siku hiyohiyo, Jumatatu. Bosi alikuwa ameleta fundi, wakafunga kamera nne: mlango wa mbele, stoo, chumba cha pasi, na mlango wa nyuma. Akawakusanya wafanyakazi, tumbo limemtangulia.

"Kuanzia leo kila kitu kinaonekana," akasema. "Anayetuibia mashuka ataonekana. Mtu akiungua na mvuke, tutajua kosa la nani. Na wale wanaosinzia wamesimama kama farasi," hapo akamkazia macho Chiriku, "wajue kamera inawaona."

Chiriku ndiye mkunjaji wa nguo, dada mwembamba mwenye maneno mengi kuliko meno. Akamwinamia Mama Pasi. "Dada, na chooni inaona?"

"Ikikuona wewe chooni itaomba likizo."

Wakacheka mpaka Bosi akakohoa.

Lakini ile kamera ya mlango wa nyuma ndiyo Bosi alikuwa anaringa nayo, maana ilikuwa na mdomo. Fundi akapita chini yake kuingia, sauti laini ya kike ikasema, "Karibu!" Akageuka kutoka, ikasema, "Asante, karibu tena!" Bosi akapiga makofi kama mtoto. Akaingia, akatoka, akaingia tena, anakaribishwa kwenye duka lake mwenyewe, meno yote nje.

Basi ndiyo ile saa saba ikasema "Karibu!" na hapakuwa na mtu.

Mama Pasi akadhani ni paka. Akarudi kwenye koti lake. Halafu akasikia harufu ya nywele zilizoungua, ile harufu inayokaa kooni, akajishika kichwa, nywele zake ziko salama chini ya kitambaa. Makoti yaliyotundikwa kwenye bomba yakaanza kutikisika, la kwanza, likatulia, la pili, likatulia, la tatu, kama mtu anapita nyuma yake anapapasa mikono ya makoti mmoja mmoja bila haraka, anachagua. Kwenye meza ya pili, ambayo haina mpigaji tangu babu aliyekuwa akipiga pasi hapo astaafu, pasi baridi ambayo haijachomekwa popote ikapiga, *fssss*.

"Mimi nina kazi," Mama Pasi akasema kwa sauti. "Kama ni mchezo, kacheze uani."

Ikanyamaza.

Jioni wakati wa kutoka, kila aliyepita mlango wa nyuma aliagwa. Asante, karibu tena. Asante, karibu tena. Chiriku akaambiwa habari ya mchana, akacheka. "Mlango umekaribisha upepo, dada!"

"Sawa. Na huo upepo umeagwa saa ngapi?"

Chiriku akafunga mdomo. Kwa Chiriku, hilo peke yake ni muujiza.

*

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, Bosi akamwita Mama Pasi ofisini. Mezani kuna barua. Ukutani kuna skrini imegawanywa vipande vinne, kila kamera na kipande chake.

"Kaa."

"Nimezoea kusimama, Bosi."

Bosi akarudisha picha za Jumatatu, saa saba na dakika ishirini, stoo. Na hapo kwenye skrini, jamani, alikuwepo Mama Pasi. Mikono ileile, kitambaa kilekile kichwani, aproni ileile yenye kiraka cha bluu. Anachukua mashuka kwenye rafu, anayakunja, anayatia kwenye mfuko. Moja, mawili, mpaka manane. Hana wasiwasi. Anafanya kama mtu yuko kwake.

"Huyo si mimi."

"Mama Pasi."

"Saa saba na dakika ishirini nilikuwa napiga makoti ya madaktari. Angalia daftari, kumi na sita, yameshaondoka."

"Kamera haidanganyi! Na ile ya chumba cha pasi, saa hiyo ni mvuke mtupu." Bosi akasukuma barua. "Miaka kumi na minne nimekuamini. Weka sahihi hapo uende kwa amani, polisi siwaiti."

Mama Pasi hakuigusa. Mtu akiondoka na barua ile, mji mzima utamwita mwizi wa mashuka, na wanawe wataitwa wana wa mwizi wa mashuka. Akasogea kwenye skrini mpaka pua ikakaribia kugusa. Akaangalia. Akaangalia tena. Halafu akacheka, kicheko kifupi, cha pembeni mwa mdomo.

"Chiriku! Njoo hapa! Niangalie mgongo."

Chiriku akaja. Mgongo wa Mama Pasi ulikuwa umelowa, aproni imegandana na gauni, kama kila siku. Saa saba kwenye duka lile hakuna mgongo mkavu. Mvuke, pasi, bati la juu, hata panya hutoka jasho.

"Sasa mwangalie huyo."

Wa kwenye skrini alikuwa amewapa mgongo. Mkavu. Mkavu kama unga.

"Yallah," Chiriku akanong'ona. "Dada, huyo hatoki jasho."

"Mgongo!" Bosi akafoka. "Mnaniletea habari za migongo! Mimi nina ushahidi wa..."

Hapo akakatika, kwa sababu jicho lake lilikuwa limeangukia kipande cha tatu, kile cha chumba cha pasi, cha sasa hivi, si cha jana. Chumba kilitakiwa kuwa kitupu. Mama Pasi yuko hapa, amesimama mbele yake, ananuka sabuni na moto. Na kule kwenye skrini Mama Pasi yuko mezani kwake, anapiga pasi polepole, mgongo mkavu, akapiga, akageuza, akapiga, halafu mkono ukasimama, shingo ikaanza kuinuka kidogo kidogo kama mtu aliyesikia anatajwa, ikainuka mpaka uso ukaiangalia kamera, uso wa Mama Pasi lakini hauna pumzi, na Bosi alipokimbiza macho kwenye kipande cha stoo akamkuta humo pia anamwangalia, na mlango wa mbele anamwangalia, na mlango wa nyuma anamwangalia, wote wanne hawapepesi, wote wanne wakafungua mdomo pamoja, na skrini ile haina sauti, lakini nje ya mlango wa ofisi, karibu kabisa na kitasa, sauti ya Mama Pasi ikasema taratibu:

"Hodi."

Bosi ni mfanyabiashara. Mdomo wake umezoea. Akaanza, "Ka..."

Mama Pasi akamziba kwa kiganja, pua na mdomo vyote, kiganja chenye joto la pasi. "Thubutu!" akamnong'oneza. "Ukilikaribisha na humu, utalala nalo."

"Hodi," ikasema tena. "Hodi, Bosi. Nimeleta mashuka."

Hawakujibu. Chiriku alikuwa amejibana nyuma ya kabati la mafaili, anaomba dua tatu kwa mpigo na zote amezisahau katikati. Wakakaa hivyo mpaka harufu ya nywele ikapungua na kipande cha tatu kikabaki na meza tupu.

Mama Pasi akaondoa mkono. Bosi akavuta pumzi. Unajua neno lake la kwanza lilikuwa lipi? Shukrani? Aa wapi!

"Ondoka nalo," akasema, anaisukuma tena ile barua. "Lina sura yako, Mama Pasi. Ni lako. Weka sahihi, uondoke nalo."

"Langu?" Mama Pasi akashika kiuno. "Nani alilikaribisha? Mimi? Lilikaribishwa na mlango wako unaosema na kila mdudu! Tena kwa sauti ya mahaba! Mimi hapa siondoki, Bosi. Nikiondoka leo, litabaki na uso wangu na meza yangu, na mimi nibaki na jina la mwizi. Siondoki. Na hiyo barua, futia jasho."

*

Jumatano asubuhi Bosi akaleta mtaalamu. Mzee mwenye mkoba mkubwa na sauti nzito, anatembea kama sakafu ni yake. Akaingia kwa mlango wa nyuma, "Karibu!", akaitika, "Nimekaribia." Akazunguka chumba cha pasi, akanusa, akatikisa kichwa.

"Mgeni huyu aliitwa ndani," akasema. "Aliyekaribishwa hafukuzwi. Anaondoka kwa miguu yake, akitaka mwenyewe."

"Na asipotaka?" Bosi akauliza.

"Atataka tu. Mimi nimewatoa wakubwa kuliko..." Akaomba aoneshwe hiyo skrini. Akaoneshwa kumbukumbu ya dakika tano nyuma, yeye mwenyewe anazunguka chumba cha pasi. Na nyuma yake, hatua moja tu, mzee mwingine mwenye mkoba kama wake, anazunguka naye, ananusa akinusa, anatikisa kichwa akitikisa. Mgongo mkavu.

Mzee yule hakuaga mtu. Alipita mlango wa nyuma kiatu kimoja kikabaki. "Asante, karibu tena!" mlango ukamwambia.

"Sirudi ng'o!" ikasikika kutoka barabarani.

Chiriku alicheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikageuka kilio. "Dada, twende zetu. Mtaalamu kakimbia, sisi ni nani?"

Lakini Mama Pasi alikuwa ameshika kile kiatu, anahesabu kwa vidole. "Chiriku. Liliingia Jumatatu. Jumatatu, Jumanne... leo siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Bibi yako alikufundisha nini kuhusu mgeni?"

Chiriku akafuta kamasi. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu..." Macho yakamtoka. "Dada, hapana. Hapana, dada!"

"Siku ya tatu mpe jembe," akasema Mama Pasi. "Limekula mvuke wetu siku mbili bila kunyoosha hata leso. Linataka kuwa mimi? Basi na liwe mimi."

*

Saa saba ilipokaribia, Mama Pasi akapakia mashuka ya nyumba ya wageni kwenye meza ya pili, mia na zaidi, mabichi, yamejikunja kama matumbo. Akachomeka pasi ya yule babu. Kwa macho yake asingeliona, hilo alilijua, lilikuwa linaonekana kwenye skrini tu. Kwa hiyo Chiriku akakalishwa ofisini na Bosi, mlango wazi, kazi yake kupiga kelele.

"Kwa mara ya kwanza unalipwa kwa domo lako," Mama Pasi akamwambia. "Litumie."

Jua likasimama. Kelele za uani zikafifia. Harufu ikaja.

"Dada!" Chiriku akaita. "Yuko mlangoni. Anakuja. Yuko... yuko nyuma yako, dada, karibu kabisa, anakunusa shingo."

Nywele za Mama Pasi zilisimama chini ya kitambaa. Shingoni alihisi joto, joto la tanuri, si la pumzi. Magoti yalitaka kukimbia bila yeye. Akayakataza.

"Mgeni," akasema, hakugeuka. "Umekaribishwa, hatukatai. Umekaa siku mbili, hatukukuuliza. Leo ya tatu. Jembe lako lile pale."

"Kakasirika," Chiriku akalia. "Dada, mdomo wake umekuwa mkubwa, umefika kifuani..."

"Na mdomo hauna kazi hapa, hapa ni mikono! Unavaa aproni yangu? Hii aproni haivaliwi kwa kukaa! Meza ya pili, haya!"

Na pasi kwenye meza ya pili, wenzangu, ikanyanyuka.

Ikanyanyuka yenyewe hewani, ikatua kwenye shuka, ikateleza. Bosi akapiga yowe dogo la kike. Mama Pasi akaja, akaliinua lile shuka, akalitazama kwenye mwanga.

"Hii nini? Pembeni umeacha mikunjo. Rudia."

Pasi ikasita.

"Rudia! Mgeni anayelala kule nyumba ya wageni ana macho kama wewe!"

Ikarudia. Akalitupa la pili mezani. Akalitupa la tatu. "Ncha kwanza, halafu katikati! Usinyunyize maji kama unabariki! Haraka, gari linakuja saa tisa!" Na pasi ikaongeza mwendo, *fssss*, *fssss*, mvuke ukapanda mpaka kwenye bati ukarudi kama mvua ya moto, mashuka yakaruka kutoka rundo la kushoto kwenda rundo la kulia, makoti kwenye bomba yakaanza kuzunguka yote pamoja mikono imetanuka kama watu wanaozama, taa ikapiga kope, ukuta ukalia, na katikati ya hayo yote Mama Pasi amesimama na kiatu cha mtaalamu mkononi anapiga meza, "Rudia! Rudia hilo! Na hilo!", jasho linamtiririka puani, haogopi tena, au anaogopa lakini hana nafasi ya kuogopa, mpaka Chiriku akapasua koo kule ofisini:

"Mgongo! Dada, mgongo! Unalowa!"

Pasi ikasimama.

Kutoka hapo pasipo na mtu, sauti ikatoka. Haikuwa tena ya Mama Pasi. Ilikuwa nyembamba, ya zamani sana, na imechoka.

"Mama... napumzika lini?"

Na Mama Pasi, Mungu ampe maisha marefu, akainua kidole kuelekea juu ya ukuta. "Upumzike? Kamera inakuona."

Pasi ikadondoka sakafuni *kwaa!* Kule stoo kitu kikaanguka kwa kishindo: mashuka manane, yamekunjwa vizuri, yametoka darini. Bosi aliyashuhudia kwenye skrini kwa macho yake, yakidondoka ndani ya mfuko uleule wa Jumatatu.

"Anaondoka!" Chiriku anapiga kelele na kuruka. "Uso wako umemtoka, dada, hana uso sasa! Anaenda mlango wa nyuma! Anaondoka kwa miguu yake!"

Bosi akaanza kupiga makofi. Lakini Mama Pasi alikuwa ameganda. Mlango wa nyuma. Kila anayetoka mlango wa nyuma, huambiwa nini?

Akanyakua pasi yake ya moto, waya ukachomoka ukutani ukamfuata kama mkia, akakimbia, yeye na miguu yake ya miaka hamsini, akapanda juu ya kapu la nguo chafu, kapu likayumba, hewa ya moto ikampita pembeni kuelekea nje, na kamera juu ya kichwa chake ikawasha taa yake nyekundu na kufungua mdomo wake wa adabu.

"Asante! Kari..."

Akaibandika pasi usoni pake. Akakandamiza kwa mikono miwili. Plastiki ikalia, ikayeyuka, ikamtiririkia kwenye kiwiko, kovu analo mpaka leo. Hakuachia mpaka taa nyekundu ikazimika.

*

Barua Bosi aliichana mbele ya watu wote, akaomba radhi, tena alitaka kuomba kimyakimya Mama Pasi akamwambia aongeze sauti, wa uani hawakusikia. Kamera tatu zimebaki, na zinafanya kazi yake vizuri. Ya nne imerudishwa pia, lakini bubu. Fundi aliuliza kama aunganishe spika, Mama Pasi akamwonesha pasi. Fundi akaelewa.

Sasa kuna jambo moja. Lile neno halikuisha. Lilifika "kari".

Kwa hiyo kila siku, saa saba, kwenye kipande cha nne cha skrini, kuna kitu kizingitini. Hakiingii. Kimekaa chini kwenye jua, kimewapa mgongo, mgongo umelowa, na kichwa kimelalia upande, sikio ndani. Kinasubiri ile "bu" yake.

Ndiyo maana ukienda pale kuchukua nguo zako, hutasikia mtu akikukaribisha. Watakwambia "pita", watakwambia "sogea", Chiriku atakwambia "leta mwili huo". Usiwaone hawana adabu. Na wewe ukiwa pale, chunga ulimi wako.

Bosi saa saba huwa anazima skrini. Mama Pasi huiwasha. Humwangalia yule mgeni kidogo, halafu hurudi mezani kwake, hugusisha kidole chenye mate kwenye pasi, *tss*, na hupaza sauti isikike mpaka kizingitini:

"Kaa hapo hapo! Na siku utakayochoka kukaa, mashuka yapo!"